Kengele ya Dakika Kumi na Moja

Simu ya Inspekta ilikuwa mbovu. Hilo alilijua tangu wiki ya kwanza, na fundi simu alipomrudishia kwa mara ya pili akiapa kwamba haina kasoro yoyote, aliamua kwamba kasoro ni fundi. Asubuhi ile mkuu wa kituo alikuwa ameshampigia mara tatu bila simu kumwambia. Mara ya nne aliuona ujumbe kwa bahati tu, alipotaka kutazama saa: mwendesha mashtaka anataka jalada la bibi mezani kwake leo, saa tisa alasiri, likiwa na pendekezo la mashtaka. Likija bila pendekezo, lisije.

Askari wenzake walimwita Shabaha. Wageni walidhani ni kwa sababu hakosei, naye hakuwasahihisha. Ukweli ni kwamba kabla ya kuhamia upelelezi alifundisha makurutu kulenga shabaha kwa miaka kumi na minne, uwanjani, bunduki zikilia kutwa nzima pembeni yake. Sasa alikuwa na miaka hamsini na saba, goti bovu, simu mbovu, na kesi ambayo kila mtu kituoni aliiona imekwisha isipokuwa yeye.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi na chungu. Mtoto alizaliwa miezi miwili kabla ya siku zake. Alikaa hospitali wiki saba, akaongezeka uzito, akaruhusiwa kwenda nyumbani na kifaa ambacho karakana moja ndogo ya wahandisi ilikuwa imekibuni kwa ajili ya vichanga wa namna yake: soksi laini ya kumvisha mguuni, inayopima mapigo ya moyo na hewa iliyomo kwenye damu, na kisanduku cheupe cha kuweka rafuni. Hewa ikipungua, kisanduku kinapiga kengele. Wazazi walikiita mlinzi. Mama wa mtoto aliporudi kazini kiwandani, kichanga alibaki na bibi yake, mzaa mama. Jumanne, saa nne na dakika kumi na tatu asubuhi, hewa ilipungua. Kumbukumbu za kisanduku zilionyesha kengele ilianza kulia dakika hiyo hiyo, ikalia dakika kumi na moja mfululizo, mpaka bibi alipomwinua mtoto. Alikuwa amechelewa.

Bibi alisema kisanduku hakikulia. Alisema alikuwa amekaa hapo hapo, umbali wa kunyoosha mkono, anakunja nepi, na hakuondoka hata kwenda msalani. Maelezo hayo aliyatoa mara nne kwa askari wanne tofauti na hakubadilisha hata nukta. Leo ilikuwa Ijumaa, siku yake ya nne mahabusu. Binti yake alimzika mtoto bila yeye, akaacha neno kaunta kwamba habari za mama yake asiletewe mpaka siku ya mahakama.

Kituoni hakukuwa na fumbo. Bibi alitoka, akapiga soga mahali, akarudi akakuta maji yamezidi unga, na sasa anaficha aibu. Shabaha naye angependa iwe hivyo, maana angekuwa ameshakwenda kunywa chai. Lakini muongo huuchoka uongo wake, na ikifika siku ya tatu huanza kuuremba. Mama huyu hakuremba kitu.

Halafu kulikuwa na nepi. Picha ya chumba ilionyesha nepi ishirini na tatu zimekunjwa na moja imeachwa nusu. Jirani alimwona bibi akizianua kambani saa nne na dakika tano. Shabaha alimwomba Koplo wake, mwanamke wa miaka thelathini mwenye watoto wawili na mikono myepesi, akunje nepi ishirini na tatu juu ya meza ya ofisi huku yeye anatazama saa. Ilichukua dakika kumi na mbili. Ukitoa na muda wa kumbadilisha mtoto, ambao nao kisanduku kiliuandika kwa sababu soksi ilivuliwa na kuvalishwa tena, hapakubaki nafasi ya kwenda kupiga soga popote.

"Kwa hiyo alikuwepo," Koplo alisema.

"Alikuwepo. Na kama alikuwepo, basi hicho kidude ndicho kinachosema uongo."

Saa mbili na nusu aliteremka chumba cha vielelezo, akasaini daftari, akakitoa kisanduku kwenye mfuko wa vielelezo. Nyuma kilikuwa na kitufe cha majaribio, na picha zimebandikwa kuonyesha: bonyeza, hesabu tatu, kengele italia. Alikichomeka ukutani. Taa ya kijani ikawaka. Akabonyeza, akahesabu mpaka tatu, akahesabu mpaka kumi. Taa iligeuka nyekundu, ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na kimya kikabaki kilekile. Akabonyeza tena kwa nguvu zote za dole gumba. Mtunza vielelezo, kijana mwenye nywele zilizonyolewa kwa mistari, alifungua mlango, akamkazia macho, akaufunga kwa kishindo. Adabu za vijana Shabaha alishaacha kuzishangaa. Alikichomoa kisanduku na kupanda ngazi mbilimbili, goti na yote.

Alimwambia Koplo kwamba mlinzi amekufa kwenye lindo. Alitaka waende moja kwa moja kwa wahandisi wakawashike mashati. Koplo alimtuliza. Kifaa kilikuwa mikononi mwa polisi siku nne, alisema, na wale watadai kimeharibikia huko huko polisi. Apatikane kwanza mtu wa kusema kwamba hata Jumanne kilikuwa kimya. Ukuta wa chumba cha bibi ulikuwa mwembamba, na upande wa pili aliishi yule jirani aliyeziona nepi.

Shabaha alilipenda wazo hilo. Baadaye alijilaumu sana kwa kulipenda.

Chumba kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa polisi. Waliingia wakasimama katikati. Kitanda cha mtoto kilikuwa ubavuni mwa ukuta, kiti cha bibi mbele yake, na rafu juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyekaa, nyuma yake. Aliyekaa pale asingeiona taa ya kisanduku bila kugeuka. Koplo aliandika hilo. Kifaa kilikuwa pia kinatuma ujumbe kwenye simu ya mama wa mtoto, na kilikuwa kimetuma. Ila kiwandani simu za wafanyakazi hukusanywa getini na kufungiwa kwenye kabati la chuma mpaka saa kumi.

Jirani alikuwa mshonaji, mwanamke mnene mpole, amezungukwa na sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo. Hakuna aliyewahi kumhoji kuhusu Jumanne zaidi ya habari ya nepi. Shabaha alivuta kigoda, akauliza kana kwamba hajali sana, eti mama atakumbuka siku ile upande wa pili kulikuwa kimya.

"Kimya?" mshonaji alisema. "Baba, kililia mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nilitamani kung'oa meno."

Koplo aliacha kuandika. Shabaha aliuliza kama ana hakika ilikuwa Jumanne. Alikuwa na hakika, kwa sababu ndiyo siku aliyotoka kuchukua vitambaa vya sare. Aliuliza kama pengine ni mlio wa kitu kingine. Mshonaji alisema kitu kingine gani, kila mtu mwenye masikio pale ameshaujua mlio wa kile kidude, kinalia hata soksi ikimvuka mtoto.

"Na hukwenda kugonga?"

"Ningegongea nini? Bibi alikuwemo. Nilimsikia anamwimbia mtoto. Nikasema, wenyewe wanajua, labda ni mambo ya kidaktari."

Shabaha alisogeza kigoda mbele. Alilazimika kuuliza, na alilichukia swali kabla halijatoka. "Aliimba kabla kengele haijalia?"

"Hapana. Wakati huo huo. Kidude kinalia, na yeye anaimba."

Walirudi kwenye gari. Koplo hakuwasha injini. Simu yake iliita. Alikuwa mkuu wa kituo, amechoka kumtafuta Shabaha kwenye ile mbovu. Shabaha alimweleza yote, kwa sababu hakuwahi kuficha ushahidi na hakuona sababu ya kuanza miezi michache kabla ya kustaafu. Mkuu alijibu kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko makelele. Kama bibi hakutoka, basi si uzembe. Mtu anayekaa karibu na mtoto anayekata roho, kengele inalia, anaimba na kukunja nepi, huyo alikusudia. Apeleke jalada saa tisa na pendekezo liwe mauaji.

Ameruka majivu, amekanyaga moto, na aliyemrusha ni mimi, Shabaha aliwaza. Kutwa nzima alikuwa akimtafutia yule mama njia ya kutokea, na kila mlango alioufungua ulikuwa unaingia ndani zaidi. Alipiga dashibodi kwa kiganja. Koplo alimsogezea chupa ya maji, naye hakuitaka.

"Kisanduku ni kibovu," alisema. "Nimekibonyeza kwa mkono wangu."

"Na mshonaji kakisikia kwa masikio yake, afande."

"Basi kilikuwa kizima Jumanne, kikafa Jumatano. Au kinalia kikitaka. Twende tukawaulize waliokizaa."

Karakana ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda na ngazi. Ndani kulikuwa na meza nne ndefu, vyuma vya kulehemu, vikombe vyenye mabaki ya kahawa, na kamba iliyotundikwa soksi ndogondogo zinazokauka, kila moja isiyozidi urefu wa kidole. Midoli mitatu ya mpira ililala kwenye kitanda cha mtoto ikiwa imevuliwa nguo. Wahandisi walikuwa wanne, na kwa hesabu ya Shabaha umri wao wote ukiujumlisha ungemzidi yeye mara mbili tu. Mkubwa wao alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu, shati limefungwa vifungo upandeupande. Ilionekana tangu Jumanne hakulala sawasawa.

Aliwaambia kabla hajaulizwa kwamba kumbukumbu hazidanganyi. Walizipitia mara sita. Soksi ilipima sawa, kisanduku kilipokea sawa, kengele ililia. Aliomba radhi kama anaonekana hana huruma, lakini wao walikwenda kwenye mazishi, na mama wa mtoto aliwauliza hapo hapo kaburini kama kengele ililia kweli.

"Mnasema kinalia," Shabaha alisema. "Mimi nasema hakilii. Tusibishane, umeme si upo?"

Alikitoa kisanduku kwenye mfuko wa vielelezo, akakichomeka mwenyewe asije akaambiwa wamekichezea, akakiweka katikati ya meza. Akabonyeza. Akahesabu tatu kwa sauti. Taa ikawa nyekundu. Alikunja mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza wiki ile alijisikia vizuri.

"Haya. Nani atanionyesha hiyo kengele?"

Mhandisi wa meza ya dirishani alikuwa ameziba masikio kwa vidole. Mwingine alikuwa amekunja uso. Shabaha alimgeukia Koplo ili wacheke pamoja, akamkuta hacheki.

"Afande," Koplo alisema, na alisema kwa nguvu, kama mtu anayezungumza na aliye ng'ambo ya barabara. "Kinalia."

"Hakilii."

"Kinalia, afande. Tangu ulipobonyeza."

Aliwatazama mmoja mmoja akitafuta nani ameanzisha utani huu. Walikuwa wanamtazama kwa heshima, na heshima ile ilimtisha. Ndipo alipoweka kiganja juu ya kisanduku. Kilikuwa kinatetemeka.

Mhandisi alikizima. Shabaha aliona mabega ya watu wote yakishuka kwa pamoja, na hilo nalo lilikuwa ushahidi. Alivuta kiti akakaa. Alimkumbuka fundi simu, aliyekuwa amemtukana mbele ya wateja. Alimkumbuka mtunza vielelezo. Aliona aibu ikimpanda kutoka shingoni, aibu ya kweli, ya mtu mzima. Miaka ishirini amekuwa akiwaona watu wengine mpaka ndani ya mifupa, kumbe nyani haoni kundule.

"Sauti zenu nazisikia," alisema. "Gari nalisikia. Nimekusikia wewe muda wote."

Mhandisi alisema, polepole, kwamba inawezekana. Sauti nyembamba za juu ndizo zinazoondoka kwanza. Umri huziondoa, na kelele za muda mrefu huziondoa mapema zaidi, na mwenyewe huwa hajui kwa sababu mazungumzo anayasikia kama kawaida. Aliuliza mzee alikuwa anafanya kazi gani.

"Risasi," Shabaha alisema. Kisha akamgeukia Koplo. "Yule mama, kabla ya kulea mjukuu. Kazi yake?"

Koplo alifungua jalada, ukurasa wa kwanza kabisa, pale ambapo kila askari huandika na hakuna askari anayesoma. "Alikuwa anaendesha mashine ya kusaga nafaka. Miaka thelathini na moja."

Mhandisi aliketi juu ya ndoo iliyokuwa karibu, bila kuangalia kama ni safi.

Kuanzia hapo Shabaha aliuliza na yeye akajibu, na majibu yake yalikuwa mafupi. Kengele ya kwanza kabisa waliyoitengeneza ilikuwa na sauti nzito, ya kukwaruza. Kwa nini waliiacha? Kwa sababu spika yake ilikuwa kubwa na kisanduku kikawa kama tofali, na kwa sababu watu walidhani ni lori linarudi nyuma barabarani. Wakachagua sauti nyembamba, kali, inayopenya kuta. Waliijaribu? Waliijaribu sana, katika nyumba arobaini, na nyumba zote arobaini zilisema inaamsha hata aliyezimia.

"Mliijaribu siku gani?"

"Jumamosi."

"Zote?"

"Jumamosi ndiyo siku unayowapata wazazi, mzee. Fomu ya majaribio lazima isainiwe na mzazi."

"Mkubwa kuliko wote alikuwa na umri gani?"

Mhandisi hakuhitaji kutazama makaratasi. "Thelathini na minne."

"Na Jumatatu mpaka Ijumaa, mtoto anakaa na nani?"

Kijana aliichukua fomu mezani, akaigeuza pande zote mbili. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika hilo, alisema mwishowe. Alisema yeye mwenyewe alilelewa na bibi yake, mpaka alipoanza shule. Kisha akataka kusema jambo jingine, kuhusu vifaa vingine, lakini ilikuwa imefika saa saba na Shabaha alimkata kauli. Neno lake na la kijana wa karakana halingetosha kuyafuta mauaji kwenye karatasi. Alihitaji jaribio lenye mashahidi. Alimwamuru achukue na ile kengele ya zamani, tofali lake na yote, na amfuate kituoni.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vinne na dirisha la juu. Walipanga hivi: bibi akae akimtazama Shabaha, mgongo wake kwenye meza ndogo ya nyuma ambapo visanduku vyote viwili vilifunikwa kwa taulo. Koplo asimame nyuma yake. Atabonyeza mara tano kwa mpangilio anaoujua yeye peke yake, nyembamba mara tatu na nzito mara mbili, na kila inapolia atainua penseli, kwa sababu Shabaha asingeweza kujua kwa njia nyingine. Mhandisi atakaa kona akiandika muda. Shabaha alilazimika kuyaeleza hayo mbele ya mkuu wa kituo, pamoja na habari ya masikio yake. Mkuu alitazama saa, akasema ana dakika arobaini.

Bibi aliingia akiwa amevaa kanga ileile ya Jumanne. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono mipana, mwenye tabia ya kumtazama mtu mdomoni anapozungumza. Askari waliomhoji walikuwa wameliandika hilo kuwa ni dalili ya uongo, kwamba hawezi kutazama mtu machoni. Shabaha alimpa maji. Alimwambia leo hataki habari za Jumanne, anataka habari za mashine.

Bibi alishangaa, lakini siku nne hakuna aliyemuuliza kitu kingine, na maneno yalimtoka. Alieleza vumbi la unga, mikanda inayokatika, foleni za Jumamosi. Penseli ilipanda. Aliendelea kueleza. Mhandisi alikunja uso kwenye kona, na mlinzi wa nje alifungua mlango kutazama kuna nini, akafukuzwa kwa ishara. Bibi hakugeuka. Alisema pale mashineni sauti haisaidii, unamtazama mtu mdomo ndipo unajua anataka nini. Penseli ilishuka, ikapanda tena.

"Hata marehemu mume wangu aliniposa pale pale," alisema. "Kasimama mbele yangu, mashine inanguruma, anasema maneno yake mazuri aliyoyapanga wiki nzima. Mimi namjibu, kilo ngapi?"

Alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu aletwe, cha kutoka tumboni, na Shabaha alijikuta anacheka naye, huku nyuma ya bibi penseli ya Koplo iko juu na yeye ameuma meno kwa ukali wa kitu ambacho wao wawili hawakukisikia. Mhandisi alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti.

Penseli ilishuka. Ikapanda, na mara hii Shabaha alisikia mkwaruzo mzito ukijaza chumba. Bibi aliruka kwenye kiti.

"Lori gani hilo tena linaingia ndani?"

Koplo alibonyeza mara mbili zilizobaki, nyembamba na nzito, na majibu yakawa yaleyale. Ilikuwa saa nane na dakika tano. Shabaha alihisi furaha ikimjaa mpaka kooni, furaha safi ya mpelelezi aliyeshika uzi mpaka mwisho. Alimsogelea bibi na kumwambia kwa sauti ya juu kidogo, mdomo wake ukionekana vizuri. Amesafishwa. Hakutoka, hakusema uongo, na hakumfanyia mtoto ubaya wowote. Kengele ililia, lakini ni kengele ambayo masikio yake hayaipati, na masikio yake Inspekta pia hayaipati. Kosa ni la waliokitengeneza. Leo anakwenda nyumbani.

Bibi aligeuka akaviangalia visanduku, taulo limeshaondolewa. Alikitambua cheupe.

"Kwa hiyo kililia," alisema.

"Kililia, mama. Lakini wewe..."

"Dakika kumi na moja. Na mimi nimekaa hapo hapo."

Bibi alijifunga kanga vizuri, kwa uangalifu mkubwa.

"Mliponiambia nilitoka, nilijua mnasema uongo, baba. Usiku nilikuwa nalala. Humo ndani kuna kunguni na sakafu baridi, na nilikuwa nalala. Leo nitalalaje?"

Shabaha alitazama mikono yake. Furaha yote ilikuwa imemwagika na hakujua hata iliishia wapi. Bibi aliuliza kama binti yake ataambiwa. Shabaha alisema atamwambia yeye mwenyewe, jioni hii hii.

"Mwambie sikutoka. Hayo mengine nitamwambia mimi."

Kisha alimgeukia mhandisi, ambaye alikuwa bado kwenye kona, macho chini. Alimwita mwanangu. Alimuuliza nyumba ngapi zina kidude kama hiki.

"Hamsini na nane," mhandisi alisema.

"Na leo ni siku gani?"

"Ijumaa, bibi."

"Ijumaa, saa nane mchana. Mama zao wote wako kazini." Alimtazama mhandisi, akamtazama Koplo, akamtazama Shabaha mdomoni kama anasubiri neno. "Sasa mmekaa hapa mnanitazama mimi?"

Koplo ndiye aliyeshtuka kwanza. Mhandisi alikuwa na orodha ya namba za simu za nyumbani kwenye begi. Alikuwa nayo tangu karakana. Walizigawa karatasi juu ya meza, mikono inagongana, kila mmoja akashika simu yake. Shabaha alipiga ya kwanza. Sauti ya mwanamke mtu mzima ilipokea, na aliposikia neno polisi ikakatika. Alipiga tena, haikupokewa.

Bibi alinyoosha mkono wake mpana juu ya meza na kuuacha hapo mpaka alipopewa simu. Alisoma namba kwa mbali, akimwacha Koplo abonyeze. Aliiweka simu sikioni, akasubiri. Mtu alipopokea, bibi hakujitambulisha.

"Mwenzangu, umekaa na mtoto? Uko naye hapo? Hicho kisanduku usikisikilize. Geuka umtazame. Mtazame sasa hivi, mimi nasubiri."